Mchicha mwingi, kalsiamu kidogo: kisa cha mama wa makrobiotiki aliyevunjika mkono

Jina, mtaa, mahali pa kazi na hospitali zilizohusika vimeondolewa, na umri umetajwa kwa kukadiria. Mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Nimekiandika kwa ajili ya maofisa lishe wenzangu, lakini yeyote anayekula mlo wa mimea atayaona yanayomhusu.

Usuli

Bi Z. ni mama wa miaka hamsini na ushee, mkazi wa Dar es Salaam. Ni mfanyakazi wa ofisini, huondoka nyumbani kabla jua halijapanda na hurudi likiwa limezama, na akitoka huvaa baibui. Hedhi yake ilikoma miaka miwili kabla ya kisa hiki. Mama yake mzazi alivunjika nyonga uzeeni na tangu hapo akawa mtu wa kushikwa mkono.

Miaka mitatu nyuma Bi Z. aliota uvimbe kwenye titi. Ulipimwa ukaonekana si saratani, lakini hofu ilimkaa. Ndugu yake anayeishi Uholanzi akamtumia kijitabu cha makrobiotiki, naye akakifuata kwa moyo wote. Huu ni mlo uliotokana na mafundisho ya Mjapani George Ohsawa, kisha ukaenezwa Marekani na Ulaya na wanafunzi wake, hasa Michio Kushi aliyeweka makao yake Boston. Kwa mpangilio wa Kushi, nusu ya chakula cha siku au zaidi ni nafaka zisizokobolewa, robo hivi ni mboga, sehemu ndogo ni jamii ya kunde na mwani wa baharini, na kila siku kuna supu ya miso, yaani soya iliyochachuliwa kwa chumvi. Maziwa, nyama na sukari havimo. Samaki anaruhusiwa mara moja au mbili kwa wiki.

Msingi mmoja wa mlo huo ni kula kinachoota unapoishi, kwa msimu wake. Uweke akilini, maana ndio uliotuokoa baadaye. Bi Z. alikuwa ameufuata kinyumenyume. Kijitabu kimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, kikawaonya wasizoee matunda ya kitropiki, na yeye akaacha maembe akiwa Dar es Salaam, mwembe umesimama uani.

Hata hivyo mlo ulimfaa kwa mengi. Alipungua, akaacha soda, akawa anapika nyumbani. Mtu anayeona faida ya namna hiyo humwambii aache akakusikiliza, na sikuwa na sababu ya kumwambia.

Kilichotokea

Aliteleza kwenye vigae vilivyolowa, akajikinga kwa kiganja, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Hakuanguka kutoka ngazini wala kwenye pikipiki. Alikuwa amesimama tu. Kwa mama aliyekoma hedhi, mfupa ukivunjika kwa anguko la namna hiyo lazima mtu ajiulize kulikoni.

Hospitali ya kwanza ilimfunga plasta ngumu vizuri kabisa. Kwa kuwa alitaja kwamba hanywi maziwa, wakampima kalsiamu ya damu. Ikaja 2.28 mmol kwa lita, katikati ya kiwango cha kawaida. Akaambiwa kalsiamu yake iko sawa, akarudi nyumbani amefurahi, na kijitabu kikazidi kupata heshima.

Kosa hili nalikuta mara nyingi mno. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Kiasi kidogo kilichobaki kwenye damu na tishu ndicho kinachoendesha moyo, misuli na neva, kwa hiyo mwili haukubali kipungue. Chakula kisipoleta ya kutosha, tezi za parathiroidi hutoa homoni ya PTH, na homoni hiyo huchota kalsiamu kwenye mifupa na kuirudisha kwenye damu. Kipimo cha damu kitasoma vizuri mwaka hadi mwaka huku mfupa ukiliwa. Kinakuambia kama tezi zinafanya kazi. Sahani hakiijui.

Wiki kadhaa baadaye daktari mwingine, aliyemwondoa plasta, alimuuliza kuhusu mama yake, hedhi na chakula. Akaagiza vipimo vingine. Vitamini D ilikuwa 11 ng kwa mililita, chini sana. PTH ilikuwa 88, wakati kikomo cha juu cha maabara ile ni 65. Vitamini B12 nayo ilikuwa chini. Figo na tezi ya shingo (thairoidi) zilikuwa salama. Kipimo cha DEXA, yaani eksirei ya kupima uzito wa mifupa, kilitoa alama ya T (mfupa ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya) ya -2.2 kwenye uti wa mgongo na -1.7 kwenye nyonga: mifupa imepungua, ingawa haijafika -2.5, mstari ambao kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani huitwa osteoporosisi, yaani mifupa myepesi inayovunjika kirahisi. Ndipo akaletwa kwangu.

Sahani yake, kama alivyoihesabu na kama ilivyokuwa

Bi Z. ni mtu wa hesabu. Alikuja na simu yenye programu ya kuhesabu virutubisho, na programu ilimwonyesha miligramu 780 za kalsiamu kwa siku. Si haba. Uingereza inamtaka mtu mzima apate 700. Marekani inataka 1,200 kwa mwanamke aliyevuka 50. Kwa macho ya programu alikuwa katikati.

Tukaifumua siku moja. Wali wa mchele wa kahawia mara tatu, jumla gramu 600 ukiwa umepikwa: miligramu 60 hivi. Mchicha sahani nzuri, gramu 200 ukiwa umepikwa: 420. Choroko: 54. Karoti na boga: 45. Miso na kipande cha mwani: 30. Ufuta wa kukaanga na kusagwa na chumvi, ule anaounyunyizia wali, vijiko viwili: 175.

Tuanze na ufuta. Nilimwomba aje nao. Ulikuwa mweupe kama chokaa, wa paketi ya supamaketi. Huo umekobolewa. Ufuta wenye maganda una takriban miligramu 975 kwa kila gramu 100, na ukikobolewa unabaki na 60 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya kalsiamu iko ganda la nje. Programu ilikuwa imechagua ule wenye maganda. Vijiko vyake viwili vilikuwa na miligramu 10, si 175. Kabla hujakimbilia Kariakoo kutafuta ufuta wa Lindi usiokobolewa, jua kwamba kalsiamu ya lile ganda nayo imeshikana kwa wingi na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mimea, na tumbo haliipati kirahisi. Mimi ufuta naupenda kwa mafuta na protini yake. Kwenye hesabu ya kalsiamu siuwekei matumaini.

Mchicha ndio uliobeba hesabu yote, na mchicha ndio tatizo. Kwenye majedwali ya vyakula umejaa kalsiamu, zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100 zilizopikwa, kuliko maziwa yenyewe. Lakini una oksaleti nyingi, na oksaleti huishika kalsiamu ikawa chembe zisizoyeyuka zinazopita tumboni na kutoka. Kwenye spinachi, iliyopimwa vizuri zaidi, mwili hufyonza takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu. Ya maziwa hufyonzwa asilimia 32 hivi. Ya mboga za jamii ya kabichi, yaani sukuma wiki na chainizi, hufyonzwa karibu nusu, kupita maziwa. Mchicha uko kundi moja na spinachi kwa oksaleti, kwa hiyo niliuhesabu hivyo hivyo. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti inayoyeyuka, ila ile iliyokwisha kushikana na kalsiamu haiendi popote.

Tulipohesabu upya kwa kinachofyonzwa, mchicha ulimpa kama miligramu 20. Vyakula vingine vyote, miligramu 200 kwa jumla, tukavipa robo: 50. Yaani siku nzima ya kula vizuri ilimwingizia takriban 70. Kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 240 kina 300 hivi, na theluthi yake, kama 95, huingia mwilini. Siku yake nzima haikufika kikombe kimoja.

Halafu kuna chumvi. Miso bakuli mbili kwa siku, sosi ya soya, ufuta wenye chumvi, na zile plamu za Kijapani zilizowekwa chumvi ambazo ndugu yake alimtumia. Kila gramu 6 za chumvi, kwa wastani, hutoka kwenye mkojo na miligramu 40 za kalsiamu. Kwa anayeingiza 300 hilo halimshtui. Kwa anayeingiza 70 ni zaidi ya nusu ya pato.

Na juu ya yote, vitamini D haikuwepo, na bila hiyo utumbo haufyonzi ipasavyo hata kile kilichopo. Watu hushangaa mtu wa Pwani kukosa vitamini D. Jua linatengeneza vitamini D kwenye ngozi linayoigusa, na la kwake liligusa uso na viganja, dakika chache kati ya gari na mlango wa ofisi.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuuacha mlo ulivyo kimsingi. Njia fupi ilikuwa kumwambia arudie maziwa na mtindi. Nililigusa.

"Mwanangu," akaniambia, "maziwa ni ya ndama."

"Sawa mama, tumwachie ndama. Lakini ndama naye analeta hesabu. Sisi ya kwetu tunaitoa wapi?"

Alicheka, na kuanzia hapo tukawa upande mmoja. Nilimsomea msingi wa kijitabu chake mwenyewe: kula kinachoota unapoishi. Nikamuuliza kati ya miso, mwani wa Japani, plamu za chumvi na mchele wa kahawia wa paketi, ni kipi kimeota Tanzania. Hoja hiyo ilifanya kazi kuliko jedwali lolote nililomwonyesha.

Majani yakawa ya kwanza kubadilika. Mchicha haukukatazwa, maana una mengine mazuri, lakini ukashushwa hadi mara mbili kwa wiki. Siku nyingine ni chainizi au sukuma wiki, gramu 200 zilizopikwa, zikikaangwa kidogo bila kuiva mno. Matembele na kisamvu aliendelea nayo kwa ladha, sikuyaingiza kwenye hesabu.

Uji wa mchele wa asubuhi ukawa uji wa ulezi. Katika nafaka tunazokula, ulezi hauna mpinzani kwa kalsiamu: karibu miligramu 340 kwa gramu 100 za unga, wakati mchele uliopikwa una 10. Kasoro yake ni faiteti na tanini zinazozuia ufyonzaji, na dawa yake bibi zetu waliijua bila maabara. Unga unakorogwa jioni kwa maji ya uvuguvugu na kijiko cha uji uliochachuka wa jana, unaachwa umefunikwa, asubuhi unapikwa. Uchachu huvunja faiteti. Ukiongeza kimea, ni nzuri zaidi. Gramu 60 za unga kwa siku humpa kama miligramu 200.

Samaki ni pale kijitabu kilipomruhusu: mara mbili kwa wiki. Alikuwa anakula kipande cha changu, ambacho kwa kalsiamu hakina kitu kwa kuwa mfupa unabaki sahanini. Tukaweka dagaa wakavu. Hapa nilisisitiza jambo moja: wasitolewe vichwa. Nyumba nyingi za mjini dagaa huchambuliwa vichwa kwa sababu ya uchungu, na mifupa ya kichwa inaenda jalalani. Tulikubaliana wakaangwe wakauke, wasagwe wakiwa wazima, unga wao utiwe kwenye mchuzi wa kunde.

Chumvi ikapunguzwa kwa miso bakuli moja siku moja na kupumzika siku inayofuata, na ufuta ukasagwa bila chumvi. Nilimwambia pia aache kuweka magadi kwenye maharage, kwa sababu nayo ni sodiamu.

Daktari alimpa vitamini D, vidonge vya yuniti 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki nane, kisha 2,000 kila siku. Bi Z. akauliza hiyo D3 inatoka wapi. Nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Iko inayotokana na kuvumwani, lakini hapa mjini hatukuipata, na alikubali ya kondoo kwa kuwa kondoo hachinjwi kwa ajili hiyo. Kwa B12 alichomwa sindano, kisha vidonge. Mimea haina B12 ya kutegemea, na mwani wala miso havihesabiki, hata kijitabu kikisema vinginevyo.

Nikapendekeza pia kidonge kimoja cha kalsiamu kabonati chenye miligramu 500, pamoja na chakula cha jioni, mpaka sahani mpya izoeleke. Kabonati huhitaji asidi ya tumbo, ndiyo maana huliwa na chakula, na zaidi ya 500 kwa mkupuo mmoja ni kuipoteza.

Dawa ya mifupa ilijadiliwa. Kwa historia ya mama yake na mkono uliovunjika, daktari aliona inafaa aanze alendronati. Bi Z. aliomba kwanza aone chakula kitafanya nini. Wakakubaliana DEXA irudiwe baada ya miaka miwili.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa mdogo na ulileta mengi: dada wa kazi akaitwa kwenye kikao cha pili. Bi Z. hapiki siku za kazi. Dada ndiye anayenunua mafungu gengeni, ndiye anayechambua dagaa, ndiye anayeamua mboga zichemke kiasi gani. Nilimwonyesha bakuli la kupimia na tukalijaza chainizi mbichi mpaka akaona mafungu mangapi yanahitajika. Mboga hizi hunywea zikipikwa, na fungu moja la gengeni halitoshi watu wawili.

Matokeo

Baada ya miezi sita vitamini D ilikuwa 34, PTH ilishuka hadi 52, B12 ikawa kawaida. Kalsiamu ya damu ilikuwa 2.31. Ilikuwa nzuri kabla, ikawa nzuri baada, kama nilivyotarajia.

Kwenye sahani alifika takriban miligramu 1,000, na kwa makadirio ya kinachofyonzwa alitoka 70 akafika 300 hivi.

Lakini njia haikunyooka. Kidonge cha kabonati kilimfunga choo, akakiacha kimyakimya baada ya wiki chache, na tuligundua kwa kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Kidonge cha kalsiamu sitreti kingekuwa laini zaidi tumboni, ila kwa bei hakukitaka. Badala yake tukaenda kwenye maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu, glasi moja kwa siku, kama miligramu 300. Ya kutengeneza nyumbani hayana kalsiamu ya maana, kwa hiyo lazima kusoma lebo. Na lazima kutikisa boksi kwelikweli, kwa sababu kalsiamu iliyoongezwa hutuama chini. Alikuwa akimimina juujuu na kutupa mashapo ya mwisho akidhani yameharibika.

Tofu tulijaribu, haikudumu. Wapenzi wa makrobiotiki hupendelea ile inayogandishwa kwa nigari, ambayo ni magnesiamu, na hiyo ina kalsiamu kidogo kuliko ile ya kalsiamu salfeti. Aliyoipata ilikuwa ya nigari.

Ramadhani ya kwanza mpango ulivunjika kabisa. Futari ya ukoo ni mihogo, magimbi, tambi na tende, na daku alikuwa anakula wali wa kiporo. Uji wa ulezi haukuwa na pa kukaa. Mwaka uliofuata tulipanga mapema: uji uleule ukahamia kwenye futari, ambapo uji una heshima yake tangu zamani, na daku ikawa chainizi na glasi ya soya.

Katikati alianza kununua unga wa mlonge kwa sababu muuzaji alimwambia una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Kwa uzito, unga mkavu kwa maziwa yenye maji, dai lina msingi. Ila hakuna anayekunywa glasi ya unga wa mlonge. Kijiko cha gramu 5 kina kama miligramu 100. Nilimwachia, kwa sharti kwamba asiondoe chainizi kwa ajili yake.

DEXA ya baada ya miaka miwili ilitoa -2.2 kwenye uti wa mgongo, palepale, na -1.8 kwenye nyonga. Tofauti hiyo ya nyonga iko ndani ya makosa ya kawaida ya mashine. Hajavunjika tena. Daktari alirudia ushauri wa dawa, na safari hii alikubali.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kubadilisha jani. Wengi wetu tunafundisha "kula mboga za majani" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa vitamini A na foleti, sawa. Kwa kalsiamu, mchicha na chainizi ni dunia mbili, na mteja wa mlo wa mimea asipoambiwa hilo atajaza sahani na kubaki na njaa ya kalsiamu. Isitoshe, oksaleti nyingi pamoja na kalsiamu kidogo huongeza uwezekano wa mawe ya figo.

Hoja ya kula kinachoota unapoishi ilifanikiwa kwa sababu ilitoka kwake. Sikumpinga imani yake hata mara moja, na nadhani kama ningeanza na maziwa tusingefika kikao cha pili.

Je, lengo la miligramu 1,000 lilikuwa la lazima? Nchi zinatofautiana, na utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba wala mimea watupu, yaani wasiogusa chochote cha mnyama, walivunjika zaidi kuliko wala nyama, lakini tofauti ilitoweka kwa waliopata angalau miligramu 525 kwa siku. Uchambuzi wa baadaye wa kundi hilohilo, wa 2020, ulikuwa mkali zaidi: kwa wala mimea watupu, mivunjiko ya nyonga ilikuwa mara 2.3 ya wala nyama, na kuzingatia kalsiamu na protini kulipunguza tofauti bila kuimaliza. Ndiyo maana sikutaka kumweka Bi Z. kwenye kiwango cha chini. Alikuwa na mfupa uliokwisha kuvunjika, mama mwenye historia, na mwili mwepesi. Uzito mdogo wenyewe ni hatari kwa mfupa, na kupungua alikokufurahia kulikuwa na bei.

Kilichoshindwa ni kutegemea kidonge bila kuuliza habari za choo mapema, na kutoiandaa Ramadhani. Kwa mteja Mwislamu, mwezi mmoja kati ya kumi na mbili ratiba ya chakula hubadilika kabisa. Hilo huingia kwenye mpango siku ya kwanza.

Kuhusu kuchelewesha dawa, maoni yangu ni kwamba miaka miwili ilikuwa mingi. Chakula na vitamini D vilisimamisha uvujaji. Kurudisha mfupa uliokwisha kupotea baada ya hedhi kukoma ni kazi nyingine, ambayo chakula peke yake hakiiwezi sana. Lakini mwili ulikuwa wake, alielezwa akaelewa, akachagua.

Binti

Jambo zito kuliko yote lilijitokeza kwa bahati, dada wa kazi alipotaja kwamba "na mtoto naye anakula hivyohivyo". Kuna binti wa miaka 16 nyumbani. Chungu ni kimoja, na kwa miaka mitatu alikuwa amekula mchele wa kahawia, mchicha na miso kama mama yake.

Kwa umri wake, Marekani inataka miligramu 1,300 kwa siku, na sehemu kubwa ya mfupa atakaoutumia maisha yake yote inajengwa miaka hii. Ushahidi tulionao kuhusu makrobiotiki na watoto unatoka kulekule kijitabu kilikotoka. Miaka ya 1980 watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia watoto wachanga wa familia za makrobiotiki na kukuta wengi wana dalili za matege na ukuaji uliodumaa. Familia nyingi zililegeza mlo baada ya matokeo hayo, lakini watoto walipopimwa tena mwanzoni mwa ujana, katika utafiti uliochapishwa 1997, mifupa yao ilikuwa bado myepesi kuliko ya wenzao. Nilimweleza Bi Z. hivyo, bila kupamba. Hakusema kitu kuhusu ndama.

Binti alikuwa na vitamini D ya 15. Alipewa matibabu. Tulimuuliza yeye mwenyewe anapenda nini, jambo ambalo inaonekana halikuwa limefanyika, akasema mtindi na mayai. Sasa mtindi anakula kila siku, mwingine kwa bibi yake mzaa baba anakopitia akitoka shule. Uji wa ulezi anakunywa na mama yake, dagaa anawala wazima, na Jumamosi anacheza netiboli uwanjani, mikono na miguu juani. Kipimo chake kinachofuata kitakuwa baada ya mtihani wa kidato cha nne.